Kitanda cha Adebimpe

Wuraola ndiye aliyeleta habari ya sare. Mitihani ilikuwa imekwisha, na mashati yetu meupe, yaliyoandikwa majina na utani wa wenzetu kama ilivyo desturi ya siku ya mwisho, yalikuwa bado yananing'inia dirishani kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kuyafua wala wa kuyakunja. Chumba kilikuwa nusu chumba, nusu stendi: masanduku, magodoro yaliyoviringishwa, majiko ya mafuta ya taa yanayotafutiwa mrithi. Nje harmatani ilikuwa imeanza. Vumbi la jangwani lilikuwa limeshuka juu ya chuo, na jua lilikuwa jeupe kama sahani, unaliangalia bila kufumba macho.

Wuraola alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, akimenya kunde za kupikia moin-moin.

"Sare moja, chumba kizima," alisema. "Tukipita uwanjani siku ya mahafali watu waseme, hawa wametoka nyumba moja. Kitambaa cha nili, cha Oke-Awo. Nitakwenda kuchagua mwenyewe, maana nyinyi macho yenu ni ya kununulia mapazia."

"Joho litafunika," Idong akamjibu kutoka kitandani.

"Joho linavuliwa, shoga. Picha za maana ni baada ya joho. Haya, mimi, Sayo, wewe, na mgeni wako."

"Mgeni gani?"

"Ibidun."

Idong alicheka. "Ibidun si mgeni wangu. Ni wako."

"Wangu tangu lini? Mimi nibebe mtu miaka yote hii asiniombe hata chumvi? Ni wa Sayo huyo."

Wote wawili wakanitazama. Nilikuwa nakunja shuka, na nakumbuka niliendelea kulikunja mpaka likawa dogo kama leso. Nikasema, "Mimi nilidhani ni wako, Wuraola. Nyote mnatoka upande mmoja."

Mkono wa Wuraola ukabaki ndani ya bakuli la kunde.

Kwa asiyeishi bweni kama letu, jambo hili litaonekana la ajabu, lakini kwetu lilikuwa la kawaida kabisa. Vitanda vilikuwa vichache kuliko wanafunzi, kwa hiyo tulibebana. Mwenye kitanda alimbeba asiye nacho, wakalala mzungu wa nne, na wenzake wa chumbani hawakuuliza. Kuuliza kulikuwa utovu wa adabu. Leo ungemuuliza mwenzako "huyu ni nani?", kesho naye angekuuliza kuhusu binamu yako. Na katika chumba chetu kulikuwa na bahati: vitanda vinne, wenyewe watatu. Baba Lasisi, mzee wa getini, alituambia siku ya kwanza kwamba wa nne aitwaye Oguntoye Adebimpe alikuwa hajafika bado. Hakufika. Kitanda chake cha karibu na dirisha kikawa cha Ibidun, na kila mmoja wetu alidhani mwenzake amewahi kumweka mtu wake pale, akaona haya kusema kitu.

"Basi nani alimleta?" Idong aliuliza, na hakuwa anacheka tena.

Ibidun hakuwepo. Kitanda chake kilikuwa kimetandikwa vizuri, shuka limevutwa hadi pembeni, kama kitanda cha dukani.

Tulianza kukumbuka. Nadhani kila chumba cha wanaomaliza hukumbuka. Hukaa juu ya masanduku na kusema, unakumbuka ule mwaka wa maji, unakumbuka mgomo wa kwanza, unakumbuka tulivyokunywa garri ya muhogo na karanga wiki nzima tukajiita matajiri. Sisi pia tuliyakumbuka hayo, ila kila kumbukumbu tuliyoigeuza tulimkuta Ibidun amesimama nyuma yake.

Nilikumbuka kwamba wahadhiri walipogoma na chuo kikafungwa miezi mingi, sote tulikwenda makwetu. Tuliporudi tulimkuta chumbani. Sakafu imepigwa deki, ndoo zimejaa maji, na kwenye bweni lile zima hapakuwa na taa wala mtu. "Ulirudi lini?" nilimuuliza siku ile. Akasema, "Mimi sikwenda," kama mtu anayesema hakwenda sokoni.

Idong alikumbuka kwamba hakuwahi kumwona akipokea mgeni, hata siku za wazazi. Wuraola alishusha sanduku lake na kutoa bahasha ya picha, akazimwaga kitandani. Zilikuwa picha zetu za miaka yote: sisi na masufuria, sisi kwenye sherehe ya bweni, Idong na nywele zilizoungua. Ibidun hakuwemo hata katika moja. Yeye ndiye alikuwa akishika kamera kila mara. Tulimpa wenyewe, tukimwambia una mkono mtulivu.

"Na anasoma nini?" Wuraola akauliza.

"Mimea," nikasema.

"Uliwahi kumwona darasani?"

Nilikuwa nimemwona, na hilo ndilo sikutaka kulisema. Jengo la sayansi liko upande wa pili wa chuo, ng'ambo ya mto, na sisi watu wa historia hatukuwa na la kufanya kule. Lakini mwaka wa tatu nilitumwa kupeleka ujumbe, nikapita mbele ya ukumbi wao mlango ukiwa wazi. Mbele kabisa alikuwa amesimama msichana akijibu swali la mhadhiri. Alikuwa anazungumza kwa sauti kubwa, mikono inaruka, na alipomaliza alicheka akainua kidevu, darasa zima likacheka naye. Sura ilikuwa ya Ibidun. Nguo ilikuwa ya Ibidun, ile ya maua niliyomwona akiipiga pasi asubuhi. Lakini Ibidun wetu hakuwahi kucheka hivyo. Ibidun wetu alicheka mdomo umefunikwa. Nikamwita kutoka mlangoni, "Ibidun!" Aligeuka, akanitazama usoni kama unavyomtazama mtu wa posta, kisha akarudi kwenye mazungumzo yake. Jioni nilimkuta chumbani akikoroga uji. Nikamuuliza mbona hakuniitikia leo. Akasema, kwa upole, "Leo sikukuona, Sayo."

Niliwasimulia. Wuraola akafuta mikono yake kwa kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Akudaaya," alisema.

"Usianze," nikamwambia.

"Sianzi. Nasema tu jina la kitu." Akamgeukia Idong, ambaye kwao ni Calabar na hayajui haya yetu. "Mtu anakufa kwao akiwa bado na siku zake. Haendi. Anahamia mji mwingine asikojulikana, anapanga chumba, anafanya kazi, hata anaoa. Unaishi naye, unakula naye. Siku akitokea mtu wa kwao anayejua kaburi lake, humwoni tena. Mama yangu mkubwa aliuziwa mafuta na mmoja, miaka tisa."

"Mafuta mazuri?" Idong aliuliza.

"We cheka. Mahafali yanakuja. Watu wa kila mji watajaa hapa. Mwangalie siku hiyo kama atabaki."

Mlango ukafunguliwa. Ibidun aliingia na ndoo ya maji kichwani, vumbi jeupe limemkaa kwenye kope. Akatusalimu. Tukaitikia wote watatu kwa pamoja, kwa sauti kubwa mno, kama watoto wa shule.

"Ibidun," Wuraola akasema, "kwenu ni wapi vile?"

Alikuwa na tabia ile ambayo tulikuwa tumeizoea: ukimwita, hungoja kidogo kabla ya kuitika, kama anasikiliza kwanza kama kuna mwingine atakayeitika. Alingoja. Kisha akasema, "Oke-Awo."

*

Wuraola alikwenda Oke-Awo kununua kitambaa na akarudi bila kitambaa.

Aliingia mchana, hakukaa. Alisimama katikati ya chumba akihema, akatazama kitanda cha dirishani kabla ya kusema neno. Hakikuwa na mtu.

"Nimefika sokoni kwa watia nili," alisema. "Nimemuuliza mama mmoja, nyumba ya kina Ibidun ni ipi, ni rafiki yangu wa chuoni. Yule mama akaweka chini mti wake wa kukorogea. Akaniuliza, Ibidun yupi, wa kina Oguntoye? Nikamwambia, mwembamba, ana kovu kidevuni. Akasema, mwanangu, huyo alikufa. Alikufa kabla dada yake hajaenda chuo. Nguo zake ziligawiwa, ya kijani alipewa binti yangu, mwite umuulize. Mtoto kaja, Sayo. Na gauni limembana, amekua, lakini analo."

"Umesema Oguntoye?" nikamuuliza. "Kama yule wa kitanda?"

"Sijui nimesema nini. Idong, beba begi."

"Tunakwenda wapi?"

"Kwa shangazi yangu. Popote. Sayo, na wewe."

Sikwenda. Haukuwa ujasiri. Kulikuwa na jambo moja. Mwaka wa pili niliugua tumbo, na ni Ibidun aliyenibeba mgongoni kunipeleka zahanati. Nilikumbuka jasho lake shingoni. Mzimu hautoki jasho, nilijiambia, kisha nikajiuliza ni nani aliyenihakikishia.

Ibidun alirudi jua likiwa bado juu, lile jua la sahani. Alitazama vitanda viwili vilivyo wazi. Kwenye sakafu kulikuwa na viatu vya Wuraola, kimoja huku kimoja kule.

"Unaniogopa?" aliniuliza.

"Nikuogope kwa nini?"

"Wuraola amekimbia akaacha viatu."

Nilicheka bila kutaka, na yeye akafunika mdomo. Kisha akaketi kwenye kitanda chake na kuweka mikono magotini. Nikamwambia kile Wuraola alichokisikia sokoni. Nilikisema chote, hata gauni la kijani. Sikuweza kuendelea kukaa naye chumba kimoja nikiwa nakijua na yeye hajui kwamba nakijua.

Alingoja kama kawaida yake.

"Amekuambia kweli," alisema. "Kule nimekufa."

Akanieleza. Nyumbani kwao walikuwa wawili, Adebimpe na yeye, wamefuatana, wanafanana watu wakakosea. Bimpe ndiye alikuwa na akili, ndiye aliyepata nafasi ya chuo, na mama yao, mtia vitambaa nili, alikuwa amelitangaza hilo soko zima. Siku chache kabla ya chuo kufunguliwa, Bimpe alishikwa na homa. Haikuchukua muda.

"Unajua kwetu mzazi haonyeshwi kaburi la mwanawe," alisema.

"Najua."

"Walimzika nyuma ya nyumba ya babu, wakasawazisha udongo usionekane. Mama alikuwa ndani, wanawake wamemshika. Baba mdogo akaingia kumpa pole. Hakutaja jina, alishindwa. Alisema tu, binti yako ametutangulia. Mama akamtazama. Akasema, masikini Ibidun wangu. Haya, mwambieni Bimpe afunge sanduku asichelewe chuo. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, Sayo. Ananiona."

"Hakuna aliyemwambia?"

"Walisema ni uchungu, mwacheni, kesho utapita. Kesho akagawa nguo zangu. Keshokutwa alinifungia sanduku mwenyewe, la Bimpe, akanivisha nguo za Bimpe, akanibariki kwa jina la Bimpe. Nani angemwonyesha kaburi? Hairuhusiwi. Na bila kaburi, nani angemsadikisha?"

"Kwa hiyo kitanda hiki..."

"Ni changu. Yaani ni cha Bimpe. Njia nzima nilikuwa najifunza kusema naitwa Adebimpe. Nikaingia hapa, ukawa unafagia. Ukaniuliza, dada unaitwa nani? Ikatoka Ibidun. Nikangoja useme hapana. Ukasema, karibu Ibidun, ukanipa garri."

Ndivyo ilivyokuwa. Darasani alikuwa Adebimpe Oguntoye, kwa walimu, kwa mitihani, kwa kila karatasi ya chuo. Katika chumba chetu peke yake, ng'ambo ya mto, alikuwa Ibidun. Sisi tulidhani mwenye kitanda hakuja na aliyekilalia ni mgeni wa mtu. Adabu yetu ya kutokuuliza ndiyo iliyomweka hai.

"Siku ile uliniita pale darasani nilisikia," alisema. "Lakini Ibidun hayupo pale. Pale yupo Bimpe. Yeye anapenda darasa. Anacheka sana. Mimi sikuwahi kuipenda hata hiyo mimea." Alilisema kama anavyosema mtu juu ya jirani. "Siku nyingine nikitoka inabidi nikae kwanza kwenye ngazi, nimsubiri aondoke, ndipo nivuke mto."

Upepo uliyapiga yale mashati dirishani, mikono yake ikanyanyuka ikashuka. Hatukuyatazama.

"Mama anakuja mahafali," akaendelea. "Na ukoo wote. Ameshatia vitambaa nili. Akiniita Bimpe nikaitika, nitarudi naye nyumbani na digrii, na nitakuwa Bimpe mpaka nizikwe. Nikimkatalia, digrii ni ya marehemu, sina haki nayo, nitaanza upya kama mtu asiyesoma. Na Bimpe atakufa palepale, mbele ya macho yake. Kwake hajafa bado, unaelewa? Nitakuwa mimi niliyemuua."

"Utafanya nini?"

"Sijui. Nitajua akiniita."

*

Wuraola na Idong nilikwenda kuwaeleza kwa shangazi. Idong alilia. Wuraola alisikiliza mpaka mwisho, na yeye si mtu wa kusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Afadhali angekuwa mzimu." Walirudi chumbani jioni ileile. Wuraola alipanga viatu vyake, akamsogelea Ibidun, akamshika mkono, akaubinya kwa nguvu kama anayepima papai.

"Aa! Unaniumiza," Ibidun akasema.

"Nahakikisha."

Siku zilizobaki tuliishi kwa uangalifu, kama watu waliobeba kitu kilichojaa hadi ukingoni. Hatukujua tumwiteje. Idong alimwita "wewe". Mimi niliita Ibidun mara nyingi kuliko ilivyohitajika, hata kumwomba chumvi.

Siku ya mahafali vumbi lilikuwa zito kuliko siku zote. Kutoka getini hukuona jukwaa. Watu walitokea katika weupe ule vikundi vikundi, kila ukoo na sare yake, zambarau, kijani, dhahabu, unasikia ngoma kabla hujamwona mpigaji, na anapotokea tayari anawasifu babu zako. Sisi wahitimu tulipangwa kwenye viti. Ibidun alikuwa mbali, upande wa sayansi. Niliona mgongo wake tu, na kofia.

Walipolisoma jina la Oguntoye Adebimpe, sauti ya vigelegele ilitoka nyuma, upande wa kushoto. Nikageuka. Walikuwa kama kumi na kitu, wote katika nili, bluu ile inayokaribia weusi. Mbele yao mwanamke mdogo, mwembamba, ameinua mikono, na mikono yake nayo ilikuwa ya bluu hadi juu ya kifundo, kwa miaka ya kutumbukiza vitambaa. Kwenye kwapa alibana kitambaa kimoja cha ziada kilichokunjwa. Nilipogeuka kwenye jukwaa, msichana alikuwa anapanda ngazi. Alipanda haraka, kidevu juu, akampa mkono mkuu wa kitivo, akacheka. Nilimjua. Hakuwa yule anayelala kitanda cha dirishani.

Baadaye uwanja ulivurugika, kila mtu anatafuta wake. Sisi watatu tulimkuta ameketi kwenye ngazi za jukwaa, kofia mapajani, macho chini. Tulielewa anasubiri mtu aondoke, tukasimama kando.

Lakini watu wa nili walimwona kabla hajamaliza kusubiri.

"Bimpe!" mama yake aliita. "Bimpe wangu!"

Akasimama. Mpiga ngoma, kijana wa kukodi asiyejua lolote, akaruka mbele akaanza kulipiga jina lile, Adebimpe, Adebimpe, ngoma inalitamka kama mdomo wa mtu. Baba mdogo alikuwa nyuma ya mama, ametazama viatu vyake. Ndugu wote walikuwa wanatabasamu na hakuna aliyemtazama usoni.

"Bimpe, husikii? Njoo nikuone!"

Nilimwona akianza. Kidevu kilipanda, midomo ikafunguka, na kile kicheko kilikuwa tayari kooni. Wuraola alinishika bega, kucha zikaingia. Kisha Ibidun akafunika mdomo wake kwa kiganja, akabaki hivyo. Akatembea mpaka kwa mama yake, akapiga magoti yote mawili kwenye vumbi, kama binti anavyomsalimu mama.

"Inuka, mwanangu, joho la watu hilo."

"Mama, mimi ni Ibidun."

Tabasamu la mama halikuondoka. Lilibaki usoni, ila nyuma yake hapakuwa na mtu.

"Ibidun alikufa," alimwambia taratibu, kama unavyomwelekeza mtoto njia.

"Hapana, Mama. Ni Bimpe. Alikufa kwa homa, amelazwa nyuma kwa babu. Baba mdogo alikuja kukuambia akashindwa kutaja jina. Yuko hapa, muulize."

Mama hakumuuliza. Alimgeukia tu, akamtazama, na yule mzee akavua kofia yake. Ngoma ilikuwa bado inalia Adebimpe, Adebimpe.

"Mwambieni anyamaze," mama akasema.

Ngoma ikanyamaza. Akafungua kilemba chake, akakiacha kianguke, akaketi chini pale alipokuwa amesimama, na akaanza kulia. Nimeshasikia vilio vya msiba tangu utotoni. Sijawahi kusikia kingine kinachoanza katikati ya vigelegele, miaka sita baada ya mazishi, kikiwa kibichi hivyo. Watu wa zambarau waliokuwa jirani walidhani ni furaha. Mmoja akasema, "Mama, hongera, machozi ya heri." Mpiga picha akaja mbio na kamera yake, akauliza, "Tupige hapohapo chini?" Idong akamfukuza kwa kofia.

Ibidun hakumgusa. Alibaki magotini mbele yake, mikono mapajani, uso mkavu, mpaka ile sauti ikakatika yenyewe kwa kuchoka. Nilidhani mama atainuka na kumwacha. Nadhani hata yeye Ibidun alidhani hivyo, maana alikuwa ameanza kulivua joho, kifungo kimoja kimoja, kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima.

Mama akanyoosha mkono ule wa bluu. Akamshika kidevu, akaligusa kovu kwa kidole gumba. Alilipapasa muda mrefu.

"Na wewe," alisema, sauti imekwisha, "ulikuwa wapi miaka yote hii?"

"Nilikuwa hapa, Mama."

"Umekonda."

Akachukua kile kitambaa cha ziada, akakikunjua, akamfunga kiunoni mwenyewe, hapohapo, wote wawili wamepiga magoti. Walipoondoka waliondoka katikati ya ndugu zao, sare moja, na vumbi likawameza kuanzia miguuni. Kabla hawajafika getini sikuweza tena kujua ni yupi kati yao.

*

Cheti hakukifuata. Kiko chuoni hadi leo, au kimekwisha kuliwa na mchwa. Wuraola, ambaye ni wakili sasa, alijaribu kutafuta njia na akaniambia hakuna. Sheria inamjua aliyekufa kuwa amesoma na aliye hai kuwa hajasoma. Ibidun hakulalamika. Ana vyungu vyake vya nili Oke-Awo, karibu na vya mama yake, na watoto wawili ambao hawakupewa jina la marehemu yeyote.

Nilikwenda kumtembelea mwaka huu, kabla ya mvua. Tuliketi nyuma ya nyumba. Mama yake amezeeka, anafunga vitambaa kwa uzi akiwa amefumba macho. Katikati ya kazi, bila kuinua kichwa, akasema, "Bimpe, nipe huo uzi mwingine."

Uzi ulikuwa karibu na Ibidun. Hakuugusa. Aliacha mikono yake ndani ya chungu, akatulia, akamtazama mama yake bila hasira. Watoto pia waliacha kucheza, kumbe wamezoea. Hapakuwa na upepo, lakini mimi nilijizuia kugeuka kutazama mlango, maana nilihisi wazi kwamba kuna mtu amesimama pale, kidevu juu, anasubiri kuona kama ataitikiwa.

Tulikaa hivyo.

"Ibidun," mama akasema mwishowe. "Uzi."

"Huu hapa, Mama," akasema, akampa.